Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama wa chama chetu cha watazama ndege, Assalaam alaykum.

Matembezi ya Jozani na Misali mnayajua, mikutano minne ilifanyika, wanafunzi tuliwapokea. Wanachama 38, waliolipa ada 14, madeni shilingi 480,000, fedha zilizobaki mfukoni 61,500.

Nitazungumza zaidi suala la vitwitwi, wale ndege wadogo wa pwani, maana limesemwa barazani bila mimi kuwapo.

Katika hesabu ya ndege wa maji ya Januari, ghuba ya Chwaka, niliamua vitwitwi 47 waliokuwa fungu la mbali waandikwe "kitwitwi, aina haikutambulika". Wapo waliosema nimeipunguzia uzito kazi yetu. Sikubali. Wa huko ni aina mbili, kitwitwi-mchanga mkubwa na kitwitwi-mchanga mdogo, na Januari wote wana mgongo wa kijivujivu na tumbo jeupe. Kifua cha rangi ya kutu huanza kurudi karibu na Machi, wakijiandaa kwenda Asia kuzaa. Kinachobaki cha kuwatofautisha ni mdomo. Wa yule mkubwa hupita urefu wa kutoka shina la mdomo mpaka nyuma ya jicho. Wa mdogo ni mfupi na butu. Miguu ya mkubwa ni mirefu, aghalabu ya kijani-manjano, lakini ndege aliyetoka matopeni miguu yake yote ni myeusi. Saa tano, maji yamekupwa hadi mbali, jua linatetemesha hewa, nani aliuona mdomo? Mimi nilikuwa na darubini ya miguu mitatu, niliyoinunua kwa fedha zangu, na sikuuona. Hesabu zetu huunganishwa na za nchi nyingine za Afrika, na jina la kubahatisha likishaingia huko halitoki.

Sululu, wale wenye mdomo mrefu uliopinda, niliwaandika kwa majina, kwa sababu walijulikana: mwenye michirizi utosini na mluzi wa mara saba ni yule mdogo, mkubwa hana michirizi, na mdomo wake ni mrefu zaidi. Kwa hilo hakuna aliyenishukuru.

Siku ile ya hesabu ilikuwa bamvua, maji hujaa sana na kupwa sana. Tungefika alfajiri, maji yangali juu, ndege wangekuwa karibu na pwani. Tulichelewa kwa kumngoja mwanachama aliyeahidi gari, hakutokea. Tulikuwa tisa tu, na wengi wa wanaolalamika hawakuwamo. Jambo hili limeniuma.

Mwakani, inshaallah, ada zikilipwa, tutafute darubini ya pili, na pengine twende Kisiwa Panza, Pemba.

Daftari la Januari liko kwangu. Anayetaka kulitazama aje wakati wowote, lakini mstari ule sitaubadilisha.