Muhuri mwekundu kwenye bahasha ya kaki

Mhariri,

Ile ripoti yenu ya prednisolone, dawa ya pumu na viungo mliyoiita vidonge vya kuvimbisha uso, imenikera, na si kwa sababu ina uongo. Uso huvimba kweli ukawa duara kama chapati. Kilichonikera ni mstari wa mwisho, mlipowashauri wasomaji wavitupe siku hiyohiyo. Miaka yote hii nawasoma kimya, lakini ushauri huo unaweza kuua mtu.

Prednisolone hufanya kazi ya kotisoli, homoni inayotengenezwa na tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo. Mwili ukiletewa kutoka nje kila siku, tezi hizo husinzia. Aliyemeza zaidi ya wiki 3 hawezi kuziamsha kwa usiku mmoja. Zinaweza kuchukua wiki nyingi, hata miezi. Kwa hiyo daktari hushusha dozi hatua kwa hatua. Kutoka juu hadi kama miligramu 7.5 anaweza kwenda haraka kidogo, kisha huanza mwendo wa kinyonga, kwa sababu dozi sasa inakaribia kile ambacho mwili wenyewe ulipaswa kutengeneza. Mwenye pumu aliyepewa miligramu 40 kwa siku 5 tu kwa kawaida huacha bila kushusha. Ripoti yenu iliwachanganya wote kapu moja.

Kuna mama alimeza vidonge 4 vya miligramu 5 kila siku kwa miezi minne, kwa ajili ya viungo. Jirani akamtisha kuhusu uso, akaacha Jumatatu. Kufikia Alhamisi anatapika, akisimama anaona giza, presha iko chini, hawezi kuinua hata sufuria. Kliniki ya mtaani ikamtoa damu, ikampata na typhoid. Nairobi hii, ni nani aliyewahi kupimwa typhoid akakosa? Kipimo cha Widal, hicho cha damu cha typhoid, kinaweza kusoma chanya kwa mtu aliyeugua zamani au aliyechanjwa, lakini kinaendelea kuuzwa kama mandazi, na kila anayetapika anarudi nyumbani na antibiotiki za wiki mbili. Hakuna aliyemuuliza swali moja la bure: mama, ni dawa gani uliyoacha juzi? Alichohitaji ni sindano ya hydrocortisone, yaani kotisoli yenyewe, miligramu 100 na maji ya mshipa, haraka, hospitalini. Akaambiwa achemshe maji ya kunywa.

Sasa tuje kwa bahasha ya kaki ya kutilia dawa. Kemisti anaandika "2x3", basi. Yaani viwili mara tatu kwa siku: vidonge 6 vya miligramu 5, jumla miligramu 30. Isipokuwa daktari ameagiza vinginevyo, vyote 6 humezwa asubuhi pamoja, baada ya chai na mkate, maana kotisoli ya mwili yenyewe hupanda alfajiri. Ukivigawa mara tatu, vile vya usiku vinamnyima mtu usingizi na kuzikandamiza tezi zaidi. Halafu ndani ya bahasha hiyohiyo unakuta diclofenac, eti ya kusaidia maumivu. Hizo mbili zikikutana tumboni zinaweza kuleta vidonda, na kidonda kikitoboka mgonjwa huishia kwenye meza ya upasuaji. Mwenye kisukari naye anaambiwa apime sukari asubuhi kabla ya kula, anaikuta nzuri, anafurahi. Dawa iliyomezwa asubuhi hupandisha sukari mchana na jioni. Apime jioni! Na anayemeza vidonge hivi ambaye hajawahi kuugua tetekuwanga, akikaa na mtoto mwenye nayo, arudi kwa daktari siku hiyohiyo asingoje vipele. Madhara yake kwa mifupa na macho sitayagusa, nafasi yenu ni ndogo.

Najua nikipendekeza sheria mtaniambia ipo, na kweli ipo: dawa hii haitoki bila cheti cha daktari. Basi nitapendekeza kitu cha bei nafuu. Kila kemisti aende kwa wachonga mihuri pale mjini, achongewe muhuri wa mpira wenye mistari mitatu: MEZA ASUBUHI NA CHAKULA. USIACHE GHAFLA. MWAMBIE KILA DAKTARI. Augonge kwenye kila bahasha ya prednisolone. Wino uwe mwekundu, kwa sababu wa bluu tayari una kazi ya kuandika 2x3.

Nanyi sahihisheni ule mstari, ukurasa uleule, herufi zilezile.

Mfamasia,
Eastlands, Nairobi