Madesa yakikwama ndani ya kishikwambi

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumze na wanachuo, pamoja na wazazi wanaojikamua kuwanunulia vishikwambi. Nina steshenari hapa Morogoro. Zamani wanafunzi waliniletea daftari la mwenzao nilitoe kopi kurasa zote. Siku hizi wananirushia faili WhatsApp, au anakuja mtu na kishikwambi chake mkononi: "Mama, shikamoo, naomba uniprintie hii." Hapo ndipo kazi huanza.

Wakiwa kwenye foleni huwa wanaulizana programu ipi ya kuandikia noti ni kali. Majibu ninayosikia ni ya rangi za kalamu na majalada yenye maua. Mimi ningeuliza kitu kimoja tu: hayo madesa, yaani noti zenu, yanatokaje humo ndani? Kabla hujaingia nayo darasani, andika ukurasa mmoja, zima data, kisha jaribu kuutoa uwe PDF ya A4. Programu ikikudai bando au hela, ifute siku hiyohiyo.

Muhula uliopita, UE, mitihani ya mwisho wa muhula, zikiwa zimekaribia, alikuja binti ambaye noti zake zote zilikuwa kwenye programu ya kulipia. Malipo yameisha, boom, ile hela ya mkopo ya kujikimu, halijaingia. Kusoma anaweza, kutoa hawezi. Tukaishia kupiga picha za skrini, ukurasa mmoja mmoja, huku watu nyuma yake wakisonya. Kijana mmoja naye kaandika kwa wino mweupe kwenye karatasi nyeusi, eti usiku haiumizi macho. Haiumizi kweli, ila karatasi nyeusi tii zinamaliza tona yangu, siwezi kumtoza bei ya kawaida. Nikamwambia abadili karatasi iwe nyeupe. Akabadili, maandishi yote yakapotea machoni petu, maana wino ulibaki mweupe vilevile! Na ninyi mnaopaka njano na kijani kila mstari, mjue mashine ya wino mweusi hutoa rangi hizo kijivu, na mara nyingine neno lenyewe halisomeki tena.

OneNote, programu ya noti ya Microsoft, ni ya bure, inafunguka kwenye Android, iPad na kompyuta, na kwa asiye na hela ningemwambia aanzie hapo. Tabu yake ni kwamba ukurasa wake hauna mpaka, unaendelea kulia na chini utakavyo. Mwanafunzi wa mifugo anachora tumbo la ng'ombe na vyumba vyake vinne, likija kwenye printa chumba kimoja kiko karatasi nyingine. Chora kwa kubana. Samsung Notes huja na vishikwambi vya Samsung na PDF inatoa vizuri, lakini jiulize kitakachofuata siku ukinunua cha kampuni nyingine.

Masharti nayo hubadilika ukiwa njiani. Programu ya noti ya Notability ilipohamia malipo ya mwaka Novemba 2021, waliokuwa wameshainunua walipiga kelele hadi kampuni ikawaachia walichokilipia. Evernote, nayo ya noti, Desemba 2023 iliwabana watumiaji wa bure kwenye noti 50 na daftari 1. Kwa hiyo kila Ijumaa toa PDF ya wiki hiyo, iweke kwenye flashi. Flashi nauza, ndiyo. Najua mtasema mwamba ngoma huvutia kwake, lakini hata usiponunua kwangu, itoe.

Kwa wazazi ni suala la kalamu. Zile za ncha ya mpira zinazouzwa barabarani ni kidole kilichorefushwa tu: mtoto akilaza kiganja kwenye kioo, nacho kinachora. Kishikwambi cha Samsung, Galaxy Tab S6 Lite, kinakuja na kalamu yake ndani ya boksi. Ya iPad, iitwayo Apple Pencil, inauzwa peke yake, bei yake si ya kitoto, na haishiki kwenye Android hata ukiiombea dua. Ulizeni hilo kabla ya kutoa hela, si baada ya kufika nyumbani. Na kama mwanao anachapa tu, hachori wala haandiki hesabu, kalamu ya nini? Mnunulie kibodi.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kuhusu kurasa zenu za teknolojia. Mara nyingi mnatupa sifa za vifaa ambavyo boom la muhula mzima halivigusi. Mpeni mwandishi wenu kishikwambi cha kawaida, kisicho na bando, aandike noti za mhadhara wa saa mbili kwa programu za bure, kisha aende steshenari yoyote akaziprinti. Atakachokutana nacho huko kichapisheni chote, pamoja na bei.

Mama Steshenari,
Morogoro