Barua ya wazi kwa mkuu wa upelelezi: muuaji si lazima awe mwanaume wa gizani

Shikamoo afande,

Kila ikitajwa habari ya muuaji wa mfululizo akili za watu, hata za wapelelezi, zinakimbilia kwa mwanaume anayevizia wanawake usiku. Na kweli wapo, Gary Ridgway wa Marekani ana hatia za mauaji 49. Lakini huyo mna pa kuanzia, kuna maiti kichakani, kuna mtu kapotea, kila mtu anajua hapa kuna mauaji.

Mwanamke muuaji mara nyingi haendi kuwinda mtu asiyemjua. Anaua waliomzunguka, mume, mtoto, mgonjwa anayemuuguza, anatumia sumu, na mara nyingi kuna hela nyuma yake. Watu wanaona msiba tu na yeye ndo anapewa pole!

Mwangalie Mary Ann Cotton wa Uingereza. Waume watatu walimfia, watoto wake karibu wote nao, madaktari wakawa wanaandika homa ya tumbo. Mwaka 1872 akafa Charles, mtoto wa kambo. Aliyeshtuka ni afisa mdogo wa parokia, Thomas Riley, maana siku chache nyuma mama huyo alishamdokezea kwamba mtoto hatamsumbua muda mrefu, basi Riley akaenda polisi, akaenda na kwa daktari kumwomba asitoe cheti kwanza. Mama naye kakimbilia bima, akaambiwa hela haitoki bila cheti. Pamoja na yote hayo uchunguzi ukasema kifo cha kawaida. Kilichomnasa ni kwamba daktari alitunza sampuli za mwili wa mtoto, akaja kuzipima tena, akakuta arseniki, yaani sumu. Mama huyo alinyongwa Machi 1873. Sampuli ile ingemwagwa, angeendelea.

Na si mambo ya zamani tu. 1988 kule Sacramento, Marekani, polisi walikuwa wanachimba uani kwa Dorothea Puente, bibi aliyekuwa anapangisha wazee na wagonjwa, akaomba akanywe kahawa, wakamruhusu kwa sababu ni bibi tu, akatorokea Los Angeles. Uani zilitoka maiti 7, na cheki za malipo ya serikali za wapangaji wake alikuwa anazichukua yeye.

Sisemi jinsia ndo ushahidi. Harold Shipman wa Uingereza alikuwa daktari mwanaume na tume ya uchunguzi ilikuta aliua wagonjwa 215 kimyakimya, na Aileen Wuornos, mwanamke, aliwapiga wanaume risasi kule Florida, Marekani. Kwahiyo sikuombi umshuku kila mjane, itakuwa dhambi kubwa kumwongezea mfiwa mzigo huo.

Ninachoomba afande, nyumba moja au wodi moja ikitoa vifo viwili vitatu vya ghafla visivyoeleweka, mwili usizikwe kabla ya vipimo vya sumu, sampuli zitunzwe hata majibu ya kwanza yakiwa safi, mpelelezi aulize nani analipwa. Na akija mtu mdogo kama Riley na wasiwasi wake, hana ushahidi wowote mkononi, mkalisheni chini mwandike anachosema, msimrudishe.