Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Njombe: sheria ya moshi ianzie kwenye kuni mbichi

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

YAH: MOSHI WA KUNI NA MKAA MSIMU WA BARIDI

Tunakusalimu kwa heshima. Sisi tunaokuandikia ni mafundi wa majiko na dohani, wauza kuni, na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wa Njombe mjini na vijiji vya jirani. Ombi letu kubwa ni moja. Kabla halmashauri hazijafikiria kumkataza mtu yeyote kuwasha moto nyumbani kwake, zitunge sheria ndogo ya kuuza kuni kavu.

Tunafahamu kwamba sheria ndogo hutungwa na madiwani. Lakini wewe ndiye unayeweza kuwaketisha wakurugenzi wa halmashauri zote 6 za mkoa meza moja, na jambo hili likitungwa na halmashauri moja peke yake halitafika mbali. Kirikuu, yaani gari dogo la mizigo, kilichojaa kuni mbichi kikikataliwa Njombe, kitashusha mzigo Makambako siku hiyohiyo.

Kuanzia Juni hadi Agosti anga huku kwetu huwa wazi usiku. Ardhi hupoteza joto haraka, hewa iliyoigusa hupoa, na kwa kuwa hewa baridi ni nzito hutelemka mabondeni na kutulia huko. Juu yake hukaa hewa yenye joto zaidi, ikaifunika kama kifuniko cha sufuria. Moshi uliotoka majikoni saa 12 jioni hadi saa 4 usiku hauna pa kwenda. Unalala palepale na kukutana na moshi wa alfajiri. Ndiyo maana mtu akisimama kilimani saa 1 asubuhi huona utando wa kijivu umetandaa juu ya mabati ya bondeni, na saa 4 jua likishapasha ardhi hauoni tena. Mbeya chini ya Mlima Loleza mambo ni hayohayo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, linapendekeza chembechembe za moshi zile ndogo kabisa, PM2.5, zisizidi wastani wa maikrogramu 15 kwa mita ya ujazo ndani ya saa 24. Chembe hizo hazizuiliwi na vinyweleo vya pua. Hufika ndani kabisa ya mapafu.

Sasa kuni zenyewe. Moshi ni kuni ambazo hazikuungua. Kuni ikipata joto hutoa gesi, na gesi hizo zikikuta moto mkali na hewa ya kutosha huwaka zikawa ndimi za moto. Zikikuta moto uliopoa hutoka hivyohivyo zilivyo, na huo ndio moshi. Kinachopoza moto zaidi ya kitu kingine chochote ni maji yaliyomo ndani ya kuni. Mlingoti (mkaratusi) au msindano (paini) uliokatwa wiki hii, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Anayetia gogo bichi la kilo 10 motoni ametia humo takriban lita 5 za maji, na moto hauna budi kuyachemsha yote kabla haujampa joto lake. Amelipia maji kwa bei ya kuni, na jirani yake amepata moshi. Ubaya huo huzidi usiku, pale mtu anapotumbukiza gogo nene bichi na kuziba kilango cha hewa ili moto ukeshe hadi asubuhi. Moto huo haukeshi ukiwaka, unafuka tu.

Kipimo tunachopendekeza ni unyevu usiozidi asilimia 20. Hapa tunaomba waandishi wa rasimu wawe makini, kwa sababu kuna hesabu mbili na sheria isiposema ni ipi, kesi itakufa siku ya kwanza. Chukua kipande cha kuni chenye uzito wa gramu 1,000, kikaushe hadi uzito wake usipungue tena, kikabaki gramu 800. Maji yaliyotoka ni gramu 200. Ukigawanya kwa uzito wa kwanza unapata asilimia 20. Ukigawanya kwa uzito wa kuni kavu unapata asilimia 25. Vipima unyevu vya pini mbili vinavyouzwa madukani hutumia hesabu ya pili. Basi kama sheria inakusudia asilimia 20 ya uzito wote, kifaa kinaruhusiwa kusoma hadi 25, na hilo liandikwe wazi.

Kupima nako kuna namna yake. Afisa asichome pini kwenye ganda wala kwenye ncha ya gogo, maana ncha hukauka wiki nyingi kabla ya moyo. Apasue gogo, achome pini katikati ya uso mpya uliopasuliwa, kufuata nyuzi za mti, na achukue wastani wa vipande vitatu kutoka sehemu tofauti za mzigo. Kipima unyevu kimoja kwa kila kata kinatosha.

Jambo ambalo likikosewa litaharibu kila kitu ni kalenda. Mvua zetu huanza Novemba au Desemba na kukatika Aprili au Mei. Kuni zilizokatwa Machi hazitakauka kufikia Juni, hata ukiziombea. Kuni za baridi ya mwakani zinapaswa kupasuliwa katika kiangazi cha mwaka huu, kabla ya Oktoba, kisha zipite masika zikiwa zimefunikwa. Kwa hiyo sheria ikitangazwa Mei na kuanza kutumika Juni itakuwa imemwonea muuzaji na mnunuzi pia, kwa sababu kuni halali hazitakuwepo sokoni. Utolewe msimu mmoja kamili wa kiangazi kati ya kutangaza na kutoza faini.

Anayekausha apasue vipande visivyozidi unene wa sentimita 10 hadi 15. Gogo zima lenye ganda hushikilia maji kama chupa. Lundo liinuliwe sentimita 15 hivi kutoka chini, juu ya miti miwili. Lifunikwe juu tu kwa bati, pande ziachwe wazi upepo upite. Kosa tunaloliona sana ni kulifunika lundo lote kwa turubai hadi chini: mvuke unakosa njia, kuni zinaota ukungu, na mwenye nazo anaamini amezihifadhi. Msindano uliopasuliwa vizuri huweza kuwa tayari kwa miezi 6 yenye jua na upepo. Mlingoti na miwati tuipe mwaka mzima. Mabanzi ya viwanda vya mbao hukauka upesi zaidi kwa kuwa ni membamba, na kwa familia zenye kipato kidogo hiyo ndiyo nafuu ya haraka kuliko zote: wenye viwanda wahimizwe kuyapanga chini ya paa badala ya kuyamwaga mvuani.

Uingereza ilianza kutumia kanuni ya namna hii tarehe 1 Mei 2021, na ina busara moja tungependa iigwe. Kuni zinazouzwa kwa mafungu madogo, chini ya mita za ujazo 2, lazima ziwe kavu, kwa sababu anayenunua kidogo anakwenda kuziwasha leo. Anayenunua mzigo mkubwa anaruhusiwa kuuziwa mbichi, ila muuzaji ampe maelezo ya kuzikausha. Kwetu tungesema hivi: kuni za fungu la kichwani, za toyo (pikipiki ya magurudumu matatu) na za kirikuu ziwe kavu, za fuso (lori) zinaweza kuwa mbichi, na stakabadhi ioneshe mwezi zilipokatwa.

Kuna vitu viwili ambavyo tunaomba vipigwe marufuku mara moja bila kusubiri msimu. Kwanza, kuchoma vipande vya nguzo zilizotiwa dawa. Mkoa wetu unatengeneza nguzo za umeme, na vipande vyake hupatikana. Vile vyenye rangi ya kijani vina shaba, kromiamu na aseniki. Aseniki nyingine hutoka na moshi na nyingine hubaki kwenye majivu, ambayo watu humwaga bustanini. Vile vyeusi vyenye harufu ya lami vina kreosoti, navyo havifai jikoni kabisa. Pili, kuchoma marundo ya maranda kwenye viwanda vya mbao. Lundo hilo likishashika moto ndani hufuka wiki nzima na zaidi, usiku na mchana, na maji ya juu juu hayalizimi. Ni chanzo kimoja chenye mwenyewe anayejulikana, na kukidhibiti ni rahisi kuliko kubisha hodi nyumba mia.

Kuhusu dohani. Jiko lenye bomba la moshi huokoa macho na kifua cha mama aliye jikoni, nasi tunalipigania. Lakini bomba peke yake linahamisha moshi kutoka ndani kwenda kwa jirani, ndiyo maana tumeanza na kuni. Halmashauri zikiweka masharti ya ujenzi, haya yanatosha kwa nyumba ya kawaida: bomba la inchi 6, lililonyooka kadiri inavyowezekana, lisilo na kona zaidi ya mbili, litokeze juu ya bati walau sentimita 90 na lizidi kwa sentimita 60 sehemu yoyote ya paa iliyo ndani ya mita 3. Likiishia chini ya kilele cha paa, upepo ukigeuka huusukuma moshi kurudi ndani, na mwenye nyumba hulaumu jiko. Bomba lenye ukuta mmoja tu wa bati lisikaribie mbao za kenchi chini ya sentimita 45. Sehemu iliyo karibu na moto iwe ya chuma cheusi. Bati lenye zinki likipata joto kali hutoa mvuke wenye madhara. Ndani ya bomba, moshi wa kuni mbichi hupoa na kuacha lami nyeusi inayonata. Ikifika unene wa milimita 3 ifagiliwe, maana lami hiyo hushika moto, na moto wa ndani ya dohani huunguza nyumba kuanzia kwenye paa.

Mkaa tunautenga kwa sababu hatari yake ni nyingine. Watu husubiri jiko la mkaa liwe jekundu, moshi uishe, kisha hulipeleka chumbani walale na joto. Moshi umeisha kweli, lakini kaboni monoksaidi bado inatoka, haina rangi wala harufu, na hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Dirisha lililoachwa wazi kidogo si kinga ya kutegemea, na beseni la maji kando ya jiko halisaidii kitu. Watu wa nyumba moja wakiamka wote na kichwa kinachogonga na kichefuchefu, bila homa, watoke nje wote na wakimbizwe hospitali wakapewe oksijeni. Hapa hatuombi faini. Tunaomba tangazo kila Mei: redioni, misikitini, makanisani, na katika kila bweni la shule.

Mheshimiwa, Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034, nasi tunauunga mkono kwa moyo wote. Ila jina lake linasema kupikia. Mtungi wa gesi unaivisha ugali, hauoteshi familia moto. Kaya ya Makete iliyopewa gesi itapikia gesi, na jioni sakitu inapokaribia itawasha mkaa. Kwa mkoa wa baridi, mpango huo uongezewe kuhifadhi joto la nyumba: dari chini ya bati tupu, na kuziba mianya kati ya ukuta na paa katika vyumba vya kulala, ambako moto hauwashwi. Jikoni mianya ibaki hadi dohani iwekwe.

Kabla ya sheria kuanza, tupime msimu mmoja. Vifaa vidogo vya kupima PM2.5 viwekwe angalau sehemu tatu: bondeni, shuleni na kilimani, mita 2 au zaidi kutoka ardhini, mbali na dohani yoyote. Ukungu wa Njombe utavidanganya, kwa kuwa matone ya maji huhesabiwa kama vumbi; kila kituo kiwe na kipima unyevu wa hewa ili usomaji wa siku za ukungu usahihishwe au uwekwe kando.

Ikiwa siku moja itaonekana lazima kuzuia moto katika usiku mbaya zaidi, kama wanavyofanya Fairbanks huko Alaska, basi tuchukue pia msamaha wao kwa kaya isiyo na njia nyingine ya kupata joto. Launceston, mji wa Tasmania nchini Australia, ilichukua njia ya kusaidia watu kubadili vifaa vya kupasha nyumba kuanzia mwaka 2001. Kaya zinazotumia kuni zilishuka kutoka asilimia 66 hadi 30, na vumbi la moshi wa majira ya baridi, PM10 (kipimo kinachojumlisha PM2.5 na chembe kubwa kidogo kuliko hizo), kutoka maikrogramu 44 hadi 27 kwa mita ya ujazo.

Tunaomba wakurugenzi waitwe kabla mvua hazijaanza, ili kuni za Juni ijayo ziwahi jua la mwaka huu. Tuko tayari kuja na vipima unyevu, shoka na vipande vya kuni, tuoneshe mbele ya madiwani namna ya kupima.

Wako watiifu katika ujenzi wa Taifa,

Mafundi majiko, wauza kuni na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, Njombe

Nakala: Wakurugenzi wa Halmashauri zote za Mkoa