Shukrani kwa kijana wa baiskeli, Muheza

Nilipostaafu ualimu nikiwa na miaka 60, kazi ya kwanza niliyojipa ni kuvuna maji ya mvua. Hesabu nilishapiga: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya bati ni lita 1. Nikanunua tanki la lita 2,000, nikasimamisha kichanja cha mbao kwa mikono yangu.

Wewe ulikuwa unapita na tenga la machungwa. Ukasimama, "Shikamoo mzee," kisha ukashika nguzo moja na kuitikisa kidogo tu. Ikalia.

"Mzee, lita 2,000 ni tani 2. Wajukuu wanacheza wapi?"

Walikuwa wanacheza papo hapo chini, mwanangu. Moyo uliniruka.

Hukuishia kwenye maneno. Tulivunja kichanja, ukanipimia kitako cha mawe kwa kamba na pima maji, tukamwaga zege mpaka jua likazama. Ukasisitiza juu pawe laini kabisa, maana kokoto moja iliyochomoza hutoboa tanki, na nimwagilie zege siku 7 kabla ya kulipandisha. Nilipoingia ndani kukuletea chai na chochote cha mfukoni, nikarudi nikakuta machungwa sita juu ya tofali. Wewe hupo.

Masika yamekuja, tanki limejaa pomoni, kitako hakina hata ufa. Jina lako silijui. Ahsante sana, mwanangu, Mungu akuzidishie. Ukipita tena piga hodi. Chai yako bado naidai uinywe.