Maandalizi ya kikao: ramani ya michakato ya ushirika wetu

Ndugu na dada wapendwa wa Bukavu na Kalehe,

Kabla ya kikao cha Jumamosi, naomba tuelewane kwamba hatukutani ili kuchora muundo wa vyeo, kwa kuwa nani yuko chini ya nani limekwisha kuandikwa katika katiba ya ushirika. Tunachotafuta ni michakato, yaani mfululizo wa kazi unaoanza mkulima anapoleta matunda ya kahawa kituoni na kuishia anapopokea malipo yake, hata kama njiani unapita mikononi mwa mpimaji, dereva, mnunuzi na mhasibu.

Tutaipanga katika makundi matatu: ya uongozi, ya msingi na ya kusaidia. Michael Porter, mtaalamu wa Marekani wa mikakati ya biashara, alipoeleza mnyororo wa thamani (yaani mfululizo wa shughuli zinazoiongezea bidhaa thamani) mwaka 1985, alitenga shughuli za msingi na za kusaidia tu; kwetu, maamuzi ya bei na ya mikopo ni mazito mno kuyaficha humo, ndiyo maana tunaongeza kundi la uongozi.

Kila mchakato upewe jina la kitendo, kama «Kupokea kahawa» wala si «Ofisi ya mapokezi», pamoja na msimamizi mmoja, kinachouanzisha na matokeo yake. Tukazie macho pale kazi inapotoka idara moja kwenda nyingine, kwa maana huko ndiko karatasi za mizani hukwama (na msimu wa mvua hukwama zaidi).

Michoro ya BPMN (alama sanifu za kuchorea michakato ya kazi) isubiri. Kwa sasa kadi na ukuta vinatosha. Mje na fomu mnazozitumia kweli, si zile zinazolala kabatini.