Mistari minne, na bado tunatoza

Juzi mteja mwingine wa ofisi yetu ya uwakili ametuambia tumemwibia. Alileta mkataba ulioandikwa tayari, akaomba tukague kifungu cha usuluhishi tu, yaani kile kinachosema mgogoro utaamuliwa na msuluhishi, mtu waliyemchagua wahusika, badala ya mahakama. Bili ilipomfikia akauliza: mistari minne, kazi gani hiyo? Si wa kwanza kuuliza, kwa hiyo nimjibu hapa.

Mistari hiyo wengi huinakili kutoka kwenye mkataba wa mwenzao: "Mgogoro wowote utapelekwa kwa msuluhishi." Wanasaini. Siku wakigombana, mmoja anakimbilia mahakamani, wa pili anasema hili ni la msuluhishi, wa kwanza anabisha kwamba madai yake hayamo kwenye kifungu. Sasa nani aamue kama yamo? Mawakili wanaanza kulipwa kwa swali hilo tu, na deni lenyewe halijaguswa.

Katika nchi zilizofuata sheria ya mfano ya UNCITRAL, tume ya Umoja wa Mataifa ya sheria za biashara ya kimataifa, ya mwaka 1985, msuluhishi anaweza kuamua mwenyewe kama ana mamlaka juu ya mgogoro. Akiamua mapema kwamba anayo, asiyeridhika ana siku 30 za kwenda mahakamani. Pingamizi lenyewe lisipite hatua ya kuwasilisha majibu ya madai. Tulishapokea mteja aliyejibu madai yote, kurasa kwa kurasa, ndipo akakumbuka kwamba hakuwahi kukubali usuluhishi. Tulimweleza ukweli, akaondoka amenuna.

Marekani wana mkazo wao. Tangu kesi ya First Options dhidi ya Kaplan, 1995, mkataba ukinyamaza, swali hilo la mamlaka ni la mahakama. Msuluhishi analipata pale tu ushahidi unapoonyesha wazi, bila utata, kwamba wahusika walimkabidhi.

Anayedhani tunakuza mambo aangalie Henry Schein dhidi ya Archer & White, mzozo wa wauza vifaa vya meno uliofunguliwa 2012. Kifungu chao kilipeleka migogoro kwa msuluhishi, isipokuwa maombi ya zuio, yaani amri ya mahakama ya kumzuia mtu kufanya jambo. Mdai akaomba fidia na zuio kwa pamoja. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema: kama mkataba umemkabidhi msuluhishi swali la mamlaka, jaji hawezi kumnyang'anya hata akiona hoja ya kutaka usuluhishi haina msingi wowote. Shauri likarudi chini, na mahakama ya rufaa ikaona kwamba lile "isipokuwa" limeacha swali mikononi mwa mahakama. Likapanda tena. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ikalitupa bila kuliamua. Hesabu miaka, halafu uniambie tena kuhusu mistari minne.

Kosa tunalolikuta zaidi, hata hivyo, ni karatasi mbili zinazopingana. Mteja mmoja alikuwa na kifungu kizuri kabisa, tulikiandika sisi. Baadaye akasaini fomu ya oda ya mwenzake, na kwa maandishi madogo nyuma yake: mahakama pekee ndizo zenye mamlaka. Hakutuonyesha, eti kuokoa ada. Marekani, tangu Coinbase dhidi ya Suski ya 2024, mkataba mmoja ukimkabidhi msuluhishi swali na mwingine ukiipa mahakama, ni mahakama inayoamua upi unatawala.

Kwa hiyo ukileta kifungu, leta na fomu za oda, nyongeza, na masharti ya tovuti uliyobofya "nakubali". Ukileta ukurasa mmoja tutasoma ukurasa mmoja, na kwenye bili tutaandika hivyo hivyo.